Jiko la Anti: Nguruwe wa sikukuu, maswali yenu na majibu

Haya wapenzi wasomaji, mwezi huu maswali yamemiminika na karibu yote yanaulizia kitu kimoja, nyama ya nguruwe ya sikukuu, ile ya sufuria kubwa au oveni imejaa na watu wameshakaa wanasubiri. Nimechagua haya. Na nyinyi ambao hamli kitimoto msifunge ukurasa, kuna swali kule kuelekea mwisho linawahusu.

Anti shikamoo. Mimi napenda sana vipindi vya mapishi na kuna kitu nimekiona, kila wakionyesha Krismasi au mwaka mpya wa nchi za watu, iwe Ulaya iwe Karibi iwe Asia, mezani lazima utakuta nguruwe. Kwa nini yeye na sio ng'ombe? — Baba Mapacha

Marahaba baba. Jibu ni msimu, na ukishalielewa hilo mapishi yote utakayosoma hapa chini yataanza kuwa na maana.

Ng'ombe anatoa maziwa na anavuta jembe, kondoo ana sufu, kuku anataga, sasa nguruwe yeye hana kazi nyingine zaidi ya nyama na mafuta. Ulaya ya zamani walikuwa wanamwachia msituni kipindi majani yanapukutika, anajilia mbegu za mialoni zilizodondoka chini mpaka ananenepa bila mwenye naye kutoa hata punje ya nafaka. Alafu baridi inaingia, mbegu zimeisha, kumlisha miezi yote ile ya barafu ni hasara tupu, na wakati huo huo baridi yenyewe ndio friji, nyama haiharibiki haraka na nzi hakuna. Basi anachinjwa. Angalia kalenda za kuchorwa za karne za kati, Novemba utakuta watu wanalisha nguruwe mbegu za mwaloni, Desemba wanachinja, ilikuwa ni ratiba ya maisha kabisa.

Hispania msimu wa kuchinja unafunguliwa kwenye siku ya Mtakatifu Martini, tarehe 11 Novemba. Romania wana siku yao ya Ignat, tarehe 20 Desemba, na hapo kuna jambo nalipenda mno. Nguruwe mkubwa hashughulikiwi na mtu mmoja, lazima uite majirani na ndugu, wa kushika, wa kuchemsha maji, wa kuosha utumbo, wa kusaga soseji. Kwa hiyo kabla ya kuweka akiba hata kipande kimoja, vinakatwa vipande vyenye mafuta vinakaangwa kwenye mafuta yake yenyewe, vinaliwa na ugali wa mahindi na achari, na kila aliyesaidia anakula. Wanaita pomana porcului. Ini na vitu vinavyoharibika haraka vinaliwa mwanzo, mapaja yanatiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi yaliwe miezi ya mbele, mafuta yanayeyushwa yanawekwa kwenye vyungu. Sikukuu imetokea humo humo kwenye kazi.

Karibi ni hadithi nyingine. Nguruwe walifika na Columbus safari yake ya pili, 1493, wakazaliana visiwani kwa kasi ya ajabu. Kule baridi ya kuhifadhi nyama hakuna, na mimi naona ndio maana Kuba na Puerto Rico sherehe ikawa nguruwe mzima juu ya makaa mkesha wa Krismasi, unaita watu wengi mnammaliza.

Kuna na imani ya bahati. Hungary wengi hawali kuku siku ya mwaka mpya, wanasema kuku anaparua kurudi nyuma, nguruwe anasukuma pua kwenda mbele. Wale Wajerumani wa Pennsylvania kule Marekani wanasema vile vile.

Anti, nina watu 12 nataka nyama laini ya kuchambuka. Mwenye bucha anang'ang'ania nichukue ya mgongoni anasema ndio bora. Kilo ngapi? — Mama Shughuli

Mwambie asante alafu chukua bega. Nyama ya mgongo haina kazi mwilini mwa mnyama, ni laini tangu mwanzo, ukiipika muda mrefu inakauka inakuwa kama mbao. Bega limetembea, limebeba, limejaa zile nyuzi nyeupe ngumu na mafuta katikati, na hizo nyuzi zikikaa kwenye joto masaa mengi zinayeyuka zinageuka utelezi mtamu unaolainisha kila kitu. Inahitaji joto la ndani lifike kama nyuzi 90 hadi 95 za Selsiasi, oveni iwe 150, masaa matano au zaidi kutegemea na ukubwa. Usihesabu saa peke yake, shika ule mfupa wa bega uuvute, ukitoka wenyewe msafi basi imeiva, ukigoma rudisha.

Kwa watu 12 bega lenye mfupa, kilo 5 mpaka 6, manake theluthi nzima inapotea motoni na mfupa nao una uzito wake.

Na kupika polepole hivi watu wamejua zamani sana. China kuna nyama ya tumbo inayopikwa na mvinyo na sosi ya soya mpaka inatetemeka, imepewa jina la Su Dongpo, mshairi na mtumishi wa serikali aliyeishi kati ya 1037 na 1101, ambaye alipofukuzwa mji mkuu na kupelekwa Huangzhou aliandika kuhusu kupika nguruwe kwa moto mdogo na maji kidogo. Kule nguruwe ilikuwa nyama ya bei ya chini. Nyama za sikukuu nyingi ndivyo zilivyo, zimetoka kwenye vipande ambavyo matajiri hawakuvitaka.

Anti naomba msaada, kila nikichoma kwenye oveni ngozi inakuwa kama raba ya viatu. Watoto wanaivua wanaweka pembeni ya sahani, inaniuma. — Mwenye Oveni Mpya

Mdogo wangu, adui yako ni maji. Ngozi ikiwa na unyevu itachemka badala ya kuvimba, na iliyochemka ndio hiyo raba.

Wadenmark ndio mabingwa, nyama yao ya mkesha wa Krismasi inaitwa flæskesteg na bila ngozi ya kuvunjika mezani hakuna aliyekula. Chukua kisu kikali kabisa, hata wembe mpya wa kukatia mazulia unafaa, kata mistari kwenye ngozi karibu karibu, nusu sentimita mpaka moja, ukate ngozi na mafuta lakini USIGUSE nyama, manake ukigusa nyama maji yake yatapanda kupitia huo mstari yataloanisha ngozi na kazi yote imeharibika. Alafu chumvi ya chengachenga, usinyunyize juu juu, ingiza kwa vidole ndani ya kila mstari mpaka mwisho, pale pembeni ndio watu wanasahau. Wadenmark wanachomeka na majani ya bei (bay leaves) humo. Weka kwenye friji bila kufunika usiku mzima. Asubuhi ukiigusa iwe kavu kama karatasi.

Kuna mbinu yao nyingine inashangaza watu, wanaanza kwa kuilaza ngozi chini ndani ya trei yenye maji ya moto kidogo, dakika 20 hivi kwenye oveni ya moto, mistari inafunguka, ndipo wanageuza na kuikausha vizuri. Ukifanya hivyo hakikisha umeipangusa kweli kweli. Kisha ilaze sawasawa, kama upande mmoja umeinama weka kibonge cha foili chini yake, manake sehemu iliyoinuka itaungua na iliyozama itabaki raba.

Pika taratibu mpaka nyama imeiva, alafu mwisho panda mpaka 230 au 240 na SIMAMA PALE. Utaona vipele vidogo vinaanza kuinuka pembezoni mwa mistari, vinasambaa kuelekea katikati, na utasikia inatatarika. Dakika kumi hivi, ukizidisha kidogo inakuwa nyeusi na chungu. Ikitoka usiifunike na foili tafadhali, mvuke utairudisha kule kule. Ipumzike wazi.

Puerto Rico wana pernil, bega lenye ngozi, wao wanainua ngozi kama kifuniko, wanachoma nyama matundu kwa kisu na kushindilia humo kitunguu swaumu kilichotwangwa na oregano, pilipili manga, chumvi na mafuta, alafu wanarudisha ngozi ambayo haipakwi hivyo viungo, chumvi tu. Hiyo ni akili kubwa, viungo vibichi juu ya ngozi vinaungua na vinabeba maji.

Anti, mimi wageni wangu wanakuja kwa mafungu, leo hawa kesho wale, na gesi sio ya kuchezea. Nataka kupika mara moja niwe napasha tu. — Nyumba Haikauki Wageni

Pika thịt kho, mchuzi wa nguruwe na mayai wa Vietnam ya kusini, wamekitengeneza kwa shida hiyo hiyo. Kwenye Tết, mwaka mpya wao ambao unaangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, masoko yanafungwa siku kadhaa na nyumba zinajaa watu, kwa hiyo sufuria kubwa inapikwa kabla, bakuli la kwanza linawekwa kwenye madhabahu ya wazee waliotangulia, zilizobaki zinapashwa siku baada ya siku na kila ukipasha inazidi kukolea.

Chukua kilo moja na nusu ya nyama ya tumbo, yenye ngozi, mafuta na nyama vyote, kata vipande VIKUBWA vya sentimita nne au tano, vidogo vitasambaratika. Maroweka yake ni kitunguu swaumu, vitunguu vidogo, pilipili manga na vijiko vinne hivi vya sosi ya samaki, nusu saa inatosha. Sasa kwenye sufuria nzito tia vijiko vitatu vya sukari na maji kidogo, usikoroge, zungusha tu sufuria, itakuwa ya dhahabu, kisha kahawia, na ikifikia rangi ya chai ya rangi iliyokolea tia nyama hapo hapo, ukichelewa inakuwa chungu na hakuna dawa. Geuza ipate rangi, mimina maji ya madafu mpaka yafunike, yakichemka toa povu, punguza moto na acha wazi bila mfuniko ili mchuzi ubaki safi, saa moja na nusu mpaka mawili. Mayai kama manane ya kuchemsha yaliyomenywa yaingie nusu saa ya mwisho. Siku ya pili yai litakuwa kahawia mpaka ndani kidogo, hapo ndio lenyewe.

Kama sosi ya samaki huipati tumia sosi ya soya na chumvi, sio sawa lakini inaliwa vizuri. Ipoe, iingie friji, na ukipasha ichemke kabisa. Mafuta yaliyoganda juu punguza baadhi, usitoe yote.

Anti tumebishana na shemeji yangu, yeye anasema vindaloo, ule mchuzi mkali wa Kihindi, ni ya kuku na mimi nimesoma asili yake ni nguruwe. Nani yuko sahihi? — Mbishi wa Haki

Wewe, lakini mheshimu shemeji. Ni chakula kilichosafiri na njia yake inaonekana ukiionja.

Wareno walikuwa wanahifadhi nguruwe kwenye mvinyo au siki na kitunguu swaumu, carne de vinha d'alhos, asidi inazuia nyama isiharibike. Walipoiteka Goa kule India mwaka 1510 wakaja nayo. Pwani ile siki ilitengenezwa kwa tembo la mnazi, basi ikatumika hiyo, na bizari nyembamba, karafuu, mdalasini na pilipili manga vilikuwepo tayari, pilipili kali nyekundu wakaileta Wareno wenyewe kutoka Amerika. Ndio ikawa vindaloo, na Wakatoliki wa Goa mpaka leo wanaila kwenye Krismasi na harusi pamoja na ndugu yake sorpotel, ile ya nyama na ini vilivyokatwa vidogo vidogo, inayopikwa siku kadhaa kabla kwa makusudi. Ya kuku na ya kondoo ni za mikahawa ya Uingereza zaidi.

Upande wa pili, kisiwa cha Madeira cha Ureno nacho kinaila ile carne de vinha d'alhos yenyewe Krismasi. Kuanzia 1835 watu wa Madeira walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Guyana, Amerika Kusini, wakaibeba, na leo Guyana asubuhi ya Krismasi harufu ya nyama ya nguruwe ya vitunguu swaumu na siki iko nyumba kwa nyumba, hata za wasio na asili ya Ureno. Goa na Guyana ziko mbali hivyo na chakula cha Krismasi ni kile kile cha baharia.

Ukipika: bega lenye mafuta, vipande vidogo, saga pilipili kavu na swaumu NYINGI, tangawizi, bizari nyembamba, karafuu, mdalasini na manjano kwa siki, paka, iache ilale usiku mzima kwenye bakuli la kioo au la plastiki, sio sufuria ya alumini maana siki inaila. Pika moto mdogo maji kidogo. Usiile siku hiyo, kesho yake siki imetulia na viungo vimeshikana, utaniambia.

Anti mbona nyama ya nguruwe inakinai haraka? Sahani ya kwanza tamu, ya pili watu wanasukuma. — Mpishi wa Jumapili

Kwa sababu umeipeleka mezani peke yake, au na wali na viazi tu. Mafuta yanataka uchachu. Angalia kote duniani, hakuna waliokosea hapo: Wadenmark wanaweka kabichi nyekundu ya siki, Wajerumani kabichi iliyochachushwa, Wavietnam chipukizi za maharage za achari, Wahaiti griot yao, ile inayoroweshwa kwenye ndimu au chungwa chungu kisha inachemshwa alafu inakaangwa, haiendi bila pikliz, kabichi na karoti kwenye siki na pilipili kali inayokupandisha machozi.

Na tena ni msimu ule ule. Kabichi za mwisho zinavunwa wiki zile zile baridi inaanza na nguruwe anachinjwa, kimoja kinaingia kwenye chumvi pipa hili na kingine pipa lile, lazima vikutane mezani. Korea Kusini ndio utaona wazi zaidi, mwishoni mwa vuli familia na majirani wanakusanyika kutengeneza kimchi ya kuvuka baridi, kazi inaitwa kimjang, UNESCO waliiweka kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2013, na baada ya kushinda wameinama siku nzima kupaka kabichi viungo wanachemsha nguruwe, wanaikata vipande, unakula na ile kimchi mbichi ya siku hiyo. Jamani ile nyama imechemshwa tu, lakini ukiifunga kwenye jani la kabichi lenye chumvi na pilipili hukinai kamwe.

Usipokuwa na muda, kata kabichi na kitunguu nyembamba, chumvi, siki, sukari kidogo, pilipili, masaa mawili. Umeokoa sahani ya pili.

Anti nimeona video watu wanafukua nguruwe ardhini, ni mapishi au ni kafara? Na nyumbani inawezekana? — Mdadisi

Ni mapishi, na ni ya heshima kubwa. Hawaii shimo linaitwa imu, kuni zinachoma mawe mpaka yanakuwa mekundu, yanafunikwa na vigogo vya mgomba vilivyopondwa na majani, nguruwe mwenye chumvi anawekwa na mawe ya moto tumboni, majani tena, mikeka, udongo juu, masaa mengi. Papua New Guinea wana mumu. Yucatán kule Meksiko wana cochinita pibil, nyama imepakwa mbegu nyekundu za achiote na maji ya chungwa chungu, imefungwa majani ya mgomba.

Hawaii ina historia nzito na nyama hiyo. Chini ya sheria ya zamani ya miiko, iliyoitwa kapu, wanawake hawakuruhusiwa kula pamoja na wanaume, na nguruwe walikatazwa kabisa, pamoja na nazi na ndizi za aina nyingi, na adhabu ingeweza kuwa kifo. Mwaka 1819 mfalme kijana Kamehameha wa Pili, akisukumwa na mama yake Keōpūolani na malkia Kaʻahumanu, alikwenda akakaa kula na wanawake mbele za watu, na mfumo mzima ukaanguka. Kwa hiyo leo ukiona mama wa Kihawaii anachambua nguruwe kwenye sherehe ujue ile sahani ina uzito wake.

Nyumbani inawezekana. Pitisha majani ya mgomba kwenye moto yalainike yasipasuke, paka bega la kilo tatu chumvi ya chengachenga tu, funga majani mara mbili, kisha foili kwa nguvu, oveni 150, masaa matano au sita. Harufu ya jani inaingia mpaka ndani.

Anti, familia yetu mchanganyiko. Nusu wanakula nguruwe, nusu ni Waislamu na Wasabato. Nifanyeje bila kumkwaza mtu? — Mkwe wa Pande Mbili

Umeniuliza jambo la maana kuliko yote. Kwanza uliza kabla, maana kuna mtu hana shida nguruwe kuwepo upande mwingine wa nyumba na kuna mtu hawezi kukaa meza hiyo kabisa, na wote wana haki. Kama kuna mmoja wa aina ya pili, siku hiyo acha nguruwe, pika kesho yake.

Kama wameridhia, basi sufuria zao, visu vyao, mbao zao na mafuta yao viwe vyao, sio vimeoshwa, VYAO. Pika chakula chao kwanza. Na jihadhari na nguruwe aliyejificha: wali wa mbaazi wa Puerto Rico kwa kawaida unaanza na vipande vya nguruwe, tamales za Meksiko unga unakandwa na mafuta yake, maharage mengi ya sherehe yamepikwa na mfupa wake. Vyakula vya pembeni vyote vipike bila nguruwe kabisa ili kila mtu achote bila kuuliza, na nguruwe abaki kwenye sahani moja inayojulikana, na mhudumu mmoja asiyegusa kingine. Usimwambie mtu "toa tu zile nyama ule mchuzi". Hiyo inaumiza kuliko kutomwalika.

Anti ikiwa na upinki ndani ni mbichi? Na mabaki nifanyeje, huwa yanabaki mengi. — Bibi Harusi wa Desemba

Rangi sio kipimo, nunua kipimajoto cha nyama. Wizara ya kilimo ya Marekani mwaka 2011 ilishusha kiwango cha kipande kizima kuwa nyuzi 63 na kupumzika dakika tatu, ya kusaga 71. Ila kiwango hicho ni cha nguruwe wanaofugwa ndani na kukaguliwa. Kama nguruwe wanazurura wenyewe, hakikisha nyama imepimwa na imepigwa muhuri, na ukiona ndani ya nyama vijifuko vyeupe kama punje za mchele usiinunue kabisa, hao ni tegu, na mtu mwenye tegu tumboni akitoa mayai kwa uchafu wengine wakayameza yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Nyama ya nguruwe wa kuzurura, hata iliyopimwa, ipikwe mpaka ndani, usiache upinki.

Mabaki yaingie friji ndani ya masaa mawili, yakatwe vipande visiwe bonge, yaliwe siku tatu nne. Ufilipino nguruwe wa kuchoma aliyebaki wanamchemsha na siki, swaumu, majani ya bei na sosi ya ini, paksiw na lechon, na wapo wanaomsubiria huyo kuliko wa jana yake. Uswidi supu iliyochemshia paja la Krismasi haimwagwi, watu wanachovya mkate humo. Na mifupa ya bega ukiwa nayo pika kitu karibu na pozole ya Meksiko: chemsha mifupa na swaumu na kitunguu masaa mawili, tia mahindi makavu yaliyokwisha kuiva, wao wanayachemsha na chokaa ya kupikia kwanza mpaka ganda linatoka na punje zinapasuka kama ua, rudisha nyama iliyochambuliwa, pilipili nyekundu iliyosagwa, chumvi. Mezani weka kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, figili na vipande vya ndimu, kila mtu akamue kwenye bakuli lake, sio kwenye sufuria.